Wasomaji wa Mifupa Chini ya Kiota cha Tai

Anayetaka kujua tai mwenye taji anakula nini hahitaji kukodolea macho angani. Kiota kipo juu kwenye panda ya mti mkubwa, mara nyingi mita 20 au zaidi kutoka ardhini, kimezibwa na majani, na mwenye kiota anaweza kutulia tawini saa nzima bila kutikisa unyoya. Majibu yamelala chini, kwenye majani makavu yanayozunguka shina: taya la kima, fuvu la perere, kwato za paa mchanga, mfupa wa bega la mbega uliochanikachanika ukingoni. Ni jaa la jikoni la familia moja, nalo hurundikana mwaka baada ya mwaka mahali pale pale, kwa sababu tai huyu haachi kiota kizuri. Kila msimu hukiongezea vijiti na kukitandika majani mabichi, mpaka kinapita upana wa mita mbili, na jozi moja ikitoweka nyingine hukirithi.

Kwa zaidi ya nusu karne, watu wachache barani Afrika wamejifunza kusoma jaa hilo. Kazi yao haina jina mitaani. Inamtaka mtu akubali kupiga magoti matopeni, asichague harufu, na awe na subira ya kurudi kwenye mti ule ule hata mvua inaponyesha. Iliwapitisha vilima vya Embu, msitu wa Kibale na msitu wa Taï. Mwishowe, bila wao kukusudia, ikawafikisha kwenye machimbo ya chokaa ya Taung, Afrika Kusini, na huko ikapindua hadithi ambayo dunia ilikuwa imejisimulia kuhusu wazee wa kale wa binadamu.

Ndege mwenyewe, ambaye wanasayansi humwita Stephanoaetus coronatus, si tai mzito kuliko wote Afrika. Jike, ambaye humzidi dume kwa umbo, hufikia kilo 4 na nusu hivi, na mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi mita 1.8. Yupo tai wa nyikani anayempita kwa vipimo hivyo vyote viwili. Nguvu yake iko mahali pengine. Mabawa ni mafupi na mapana, mkia ni mrefu, hivyo anaweza kukata kona kati ya vigogo ambako tai wa nyikani angevunjika shingo. Miguu ni minene kupita kiasi kwa ndege wa uzito wake, na ukucha wa nyuma una urefu wa sentimita 6 hivi. Hawindi kwa kuzunguka juu. Hukaa kimya kwenye tawi linalotazama njia ya wanyama au mti wenye matunda, akangoja, kisha akajiachia. Mnyama hufa kwa kubanwa na kutobolewa, mara nyingi fuvu, kabla hajajua kilichompata.

Akiua mnyama anayemzidi uzito hahangaiki kumbeba mzima. Humnyofoa vipande akiwa chini, akapandisha kimoja kimoja na kuvitundika kwenye matawi kama akiba ya siku zijazo. Jambo hili dogo litakuja kuwa na uzito mkubwa huko mbele.

Makao yake ni marefu: kuanzia misitu ya Afrika Magharibi, kupitia bonde la Kongo, hadi nyanda za juu za Ethiopia na Kenya, kisha kusini mpaka Afrika Kusini. Yumo Usambara na Udzungwa, na kwa watu wa Pwani yuko karibu kuliko wengi wanavyodhani, katika misitu ya Shimba na Arabuko-Sokoke. Ambaye hajawahi kumwona huenda amewahi kumsikia. Dume hupanda juu sana ya msitu, akawa anapanda na kushuka hewani huku akipiga mlio wa filimbi unaorudiwa tena na tena, mlio unaofika chini hata kama ndege mwenyewe ni nukta tu.

Ulaya ilimwandika vitabuni mwaka 1766, pale Carl Linnaeus alipompa jina la Falco coronatus kwa kutumia habari za ndege aliyetoka pwani ya Guinea. Baada ya hapo zilifuata takriban karne mbili ambazo ujuzi wa wazungu juu yake ulikuwa hasa ujuzi wa ngozi na mayai. Wakusanyaji walimpiga risasi, wakamchuna, wakamjaza pamba na kumpeleka makumbusho. Ngozi ilieleza rangi ya kifua na urefu wa bawa. Haikueleza analeaje kinda wake, wala anakula mara ngapi kwa wiki.

Aliyebadilisha hali hiyo Afrika Mashariki alikuwa bwana shamba. Leslie Brown alizaliwa India mwaka 1917, akafanya kazi ya kilimo Nigeria, kisha mwaka 1946 akahamia Kenya. Alipopangiwa Embu, kazi yake ilikuwa mazao, malisho na mmomonyoko wa udongo. Lakini katika wilaya hiyo alikuta kilima ambacho jamii kadhaa za tai zilikuwa zimejenga kwa kukaribiana kuliko ilivyo kawaida, akakipa jina la Kilima cha Tai. Badala ya kuchukua mayai na kuondoka, alianza kurudi. Aliandika jozi ipi imetaga, ipi imepumzika, kinda yupi ameruka, na windo gani limeletwa. Mwaka uliofuata alirudi tena kwa jozi zile zile.

Leo hilo laonekana jambo la kawaida. Wakati huo lilikuwa geni, kwa sababu hakuna mwaka mmoja unaoweza kumfunua tai huyu. Brown, aliyeendelea kuwafuatilia tai wenye taji wa Karen, kando ya Nairobi, kwa miaka mingi, aligundua kwamba mpango wao wa uzazi ni wa polepole mno. Jike hutaga mayai mawili au moja, akayaatamia kwa siku 50 hivi. Mayai yakiwa mawili, kinda wa kwanza humshambulia mdogo wake tangu siku za mwanzo mpaka anakufa, wala mzazi haingilii. Anayebaki hukaa kiotani zaidi ya miezi mitatu. Akisharuka, watu wangedhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza imeanza. Kwa miezi mingine 9 hadi 11 kijana huyo hukaa jirani na kiota, akipiga kelele za njaa, na wazazi huendelea kumletea nyama. Kwa hiyo jozi ya Kenya hulea kinda mmoja tu kila baada ya miaka miwili. Mchunguzi aliyepita mwaka wa mapumziko angeandika kwamba kiota kimeachwa.

Brown hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Mwaka 1954 alithibitisha kwamba heroe wadogo huzaliana katika Ziwa Natron, na alipojaribu kuvuka tope la magadi kwa miguu ili awafikie, magadi yaliichoma miguu yake vibaya hata nusura aipoteze. Alipona, akarudi kwa tai. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 aliacha utumishi wa serikali, na mwaka 1968, akishirikiana na Dean Amadon wa New York, akatoa kitabu kikubwa cha tai, kozi na mwewe wa dunia nzima. Alifariki mwaka 1980.

Kwa upande wa chakula, picha iliyotoka Kenya ilikuwa ya tai wa pembezoni mwa msitu. Chini ya viota vya huko kulikuwa na mifupa ya paa, ya watoto wa pongo, ya perere na pimbi, na kima kwa kiasi chao. Ndipo zamu ya Uganda ikafika, na picha ikabadilika.

Msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, una kima na mbega wengi kupita kiasi. Thomas Struhsaker alianza kuwachunguza huko mwaka 1970, na katika miaka iliyofuata yeye na wenzake walianza kuinamia pia mifupa iliyokuwa chini ya viota vya tai. Makala zilizotoka mwaka 1989 na 1990 zilikuwa na jibu lisilo na utata: zaidi ya asilimia 80 ya mawindo ya tai wa Kibale walikuwa jamii ya kima. Baadaye, katika eneo la Ngogo ndani ya msitu huo huo, John Mitani, William Sanders na Mganda Jeremiah Lwanga walikusanya mifupa kwa zaidi ya miaka mitatu, wakapata uwiano ule ule.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba waliokufa hawakuwa vitoto peke yao. Madume wazima walikuwamo, tena si haba. Sababu inaeleweka mtu akiwatazama wakiwa hai: tai akitokea, majike hukumbatia watoto na kuporomoka kwenye majani mazito, lakini madume wa baadhi ya jamii hupanda kumkabili. Wengine huishi peke yao, bila kundi la kuwasaidia kuangalia angani. Ushujaa na upweke vyote viwili huishia kwenye jaa moja.

Mifupa ya Ngogo ilifanyiwa kazi ambayo haikuwahi kufanywa kwa makini kiasi hicho. Badala ya kuhesabu tu nani kaliwa, Sanders na wenzake walitazama jinsi kila mfupa ulivyoharibiwa. Walikuta kwamba tai ana mwandiko wake. Chui na fisi hutafuna, hivyo huacha mikwaruzo ya meno na ncha za mifupa zilizoliwa. Tai hana meno. Mifupa mirefu huiacha mizima mizima. Fuvu huwa na tundu moja au mawili yaliyotobolewa kwa kucha, wakati mwingine na kipande cha mfupa kilichobonyea ndani bila kudondoka. Mfupa mwembamba wa bega huwa umetobolewa na kupasuliwa kwa mdomo. Ubongo hutolewa kwa kupanua tundu la chini ya fuvu au kwa kupitia kwenye matundu ya macho, na njia hiyo huacha mikwaruzo na mipasuko midogo kwenye sakafu ya tundu la jicho. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2003.

Wakati huo huo, upande wa pili wa bara, Msitu wa Taï nchini Côte d'Ivoire ulikuwa ukitoa ushahidi wa aina nyingine: wa sauti. Katika miaka ya 1990 Klaus Zuberbühler alificha spika msituni na kucheza ama mlio wa tai mwenye taji ama ngurumo ya chui, kisha akarekodi majibu ya kima. Kima wa Diana walitoa mlio mmoja kwa tai na mwingine kwa chui, na waliousikia walijua hatari inatoka juu au chini. Mwaka 2004 utafiti mwingine kutoka msitu huo ulionyesha kwamba hata hondohondo wamejifunza lugha hiyo. Wakisikia kima akitangaza tai, nao hupiga kelele. Akitangaza chui, ambaye hana habari na ndege walio juu mtini, hawajishughulishi.

Kelele hizo zina faida yake. Mwindaji anayetegemea kushtukiza akishatangazwa amekwisha kupoteza windo, na mara nyingi tai huhama eneo. Mfumo mzima wa milio umejengwa kwa vizazi na vizazi vya kima waliokufa kwa kutoangalia juu. Chini ya viota vya Taï, Susanne Shultz na Scott McGraw walikusanya mamia ya mifupa ya kima, wakiwamo mangabei madume wa kilo 11 hivi, zaidi ya mara mbili ya uzito wa tai aliyewaua.

Hapa ndipo historia inapaswa kurudi nyuma hadi mwaka 1924, kwenye mji mdogo wa Taung ulio ukingoni mwa Kalahari.

Wafanyakazi wa machimbo ya chokaa huko walikuwa wakilipua miamba kwa baruti, na mara kwa mara walikuta mafuvu ya nyani wa kale yaliyogeuka jiwe. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Josephine Salmons, alimwonyesha fuvu mojawapo mwalimu wake wa anatomia, Raymond Dart. Dart akaomba atumiwe mengine. Masanduku yalimfikia nyumbani Johannesburg mwishoni mwa Novemba, akiwa katikati ya kuvaa suti, kwani alikuwa msimamizi wa bwana harusi siku hiyo. Hakuweza kungoja. Ndani ya sanduku alikuta jiwe lenye umbo la ubongo, na jiwe jingine lililoficha uso uliolingana nao.

Wiki zilizofuata alikwangua jiwe hilo kwa vifaa alivyoweza kupata, zikiwamo sindano za kufumia za mkewe. Tarehe 23 Desemba jiwe lilipasuka na uso ukaonekana: uso wa mtoto, meno ya utoto yote yapo. Katika jarida la Nature la tarehe 7 Februari 1925 alimpa jina la Australopithecus africanus. Dart alimkadiria miaka sita. Vipimo vya baadaye vya meno vilimshusha hadi mitatu au minne. Aliishi kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita, na uzito wake ulikuwa wa kilo 10 hadi 12.

Wakubwa wa sayansi wa Uingereza walimpuuza kwa muda mrefu. Walipokuja kumkubali, Dart alikuwa amekwisha kupiga hatua nyingine. Alijiuliza mifupa yote ile ya wanyama iliyokutwa pamoja na viumbe hawa imetoka wapi, akajijibu kwamba ni mawindo yao. Huko Makapansgat, Afrika Kusini, aliona mifupa ya swala iliyovunjika, akaiita silaha: rungu la paja, kisu cha taya, sime ya pembe. Katika makala yake ya mwaka 1953 alimchora mzee wetu wa kale kama mwuaji aliyepanda ngazi ya ubinadamu kwa kumwaga damu. Mwandishi Robert Ardrey aliibeba hoja hiyo katika kitabu chake African Genesis cha mwaka 1961, na wasomaji wengi wakaamini kwamba vita na ukatili ni urithi tuliozaliwa nao.

Aliyeanza kuutikisa mnara huo alikuwa Bob Brain wa Pretoria. Brain hakubishana kwa nadharia. Alikwenda kwenye vijiji vya wafugaji kando ya mto Kuiseb, Namibia, akaokota mifupa ya mbuzi iliyotupwa na kuguguniwa na mbwa, ili ajue ni mifupa ipi hudumu na ipi hupotea yenyewe. Aliona kwamba zile sehemu zilizokuwa nyingi Makapansgat ni zile ngumu tu, zinazosalia baada ya mlaji yeyote. Halafu katika pango la Swartkrans alichukua fuvu la kijana wa jamii ya kale lenye matundu mawili kisogoni, akayalinganisha na chonge za taya la chini la chui. Zikalingana. Kitabu chake cha mwaka 1981 kiliuliza kwa jina lake lenyewe kama viumbe hawa wa kale walikuwa wawindaji au wawindwa.

Taung, hata hivyo, haikufaa kwa chui. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke waliorodhesha upya vilivyotoka huko: nyani wadogo, pimbi, kobe, maganda ya mayai. Hakukuwa na wanyama wakubwa, wala ule utafunaji wa fisi na chui. Baadhi ya mafuvu ya nyani yalikuwa na kipande cha mfupa kilichobonyezwa ndani kwa kitu chembamba. Wakapendekeza kwamba lile lilikuwa jaa la tai, na kwamba mtoto wa Taung alikuwa mojawapo ya vitu vilivyotupwa humo.

Pingamizi hazikuchelewa. Mwaka ule ule, hesabu za mruko zilitolewa kuonyesha kwamba hakuna tai awezaye kunyanyuka na mzigo wa kilo 10. Hoja hiyo ingesimama kama tai angelazimika kumbeba mtoto mzima. Lakini tangu enzi za wachunguzi wa Kenya ilijulikana kwamba tai mwenye taji hukata windo vipande na kulisafirisha kidogo kidogo. Pingamizi la pili lilikuwa zito zaidi. Fuvu la mtoto mwenyewe halikuwa limeonyeshwa kuwa na alama ya tai isiyo na shaka, na mahali hasa lilipotoka palikuwa pamelipuliwa zamani na wachimba chokaa.

Miaka kumi ilipita. Kisha McGraw, Shultz na mwenzao Catherine Cooke wakaandika makala kuhusu mifupa ya Taï, na jarida likamtumia Berger aipitie kabla ya kuchapishwa. Humo alisoma maelezo ya kina ya sakafu za matundu ya macho ya kima waliouawa na tai: mipasuko midogo na matundu yaliyoachwa na kucha na mdomo. Alikwenda kabatini, akatoa fuvu la Taung, akatazama ndani ya matundu ya macho. Alama zilikuwapo. Zilikuwa zimekaa mbele ya macho ya wataalamu kwa miaka 80, na hakuna aliyezijali kwa sababu hakuna aliyejua zinamaanisha nini. Makala zote mbili zilitoka mwaka 2006.

Si kila mtu aliyefunga mjadala siku hiyo, na Taung ya leo ni kavu mno kwa tai wa msituni. Lakini uzito umeegemea upande mmoja, na kilichouegemeza ni mikono iliyopekua majani makavu Uganda na Côte d'Ivoire. Kiumbe ambaye Dart alimwona kama mbabe mwenye rungu la mfupa alikuwa, angalau katika umri wa miaka mitatu, chakula cha ndege. Huenda wazazi wake nao walikuwa na mlio wa kutangaza hatari ya juu.

Hofu ya namna hiyo inaweza kudumu kuliko chanzo chake. Bukini iliwahi kuwa na tai wake wa jamii hii, Stephanoaetus mahery, aliyeelezwa kisayansi na Steven Goodman mwaka 1994 kutokana na mifupa ya kale. Ametoweka, pamoja na lemuri wakubwa waliokuwa wakiishi naye. Lemuri waliobaki bado hupiga ukelele na kushuka kwenye vichaka wakiona kivuli cha ndege mkubwa, na Goodman aliona katika tabia hiyo alama ya mwindaji ambaye hayupo tena.

Tai wa bara yuko hai, ila orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini imemweka katika daraja la wanaokaribia kutishiwa. Anahitaji miti mirefu, na miti mirefu ndiyo inayoanguka kwanza kwa ajili ya mbao na mashamba. Uzazi wake wa kinda mmoja kwa miaka miwili haumpi nafasi ya kufidia hasara: jozi ikipigwa risasi kwa kisa cha mbuzi mmoja, pengo lake huchukua miaka kuzibika. Hata hivyo amethibitisha kwamba mji haumshindi ukiwa na msitu. Anaonekana Karura, ndani ya Nairobi, msitu ambao kuanzia mwaka 2014 ulirudishiwa mbega waliohamishwa kutoka Kipipiri, na hivyo akaongezewa mawindo aliyowazoea tangu zamani. Huko Durban hujenga kwenye mikaratusi iliyo katikati ya vitongoji, juu ya mapaa ya nyumba na mabwawa ya kuogelea.

Durban ndiko kazi ya wasomaji wa mifupa ilikopata mwenzake mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walifunga kamera kando ya viota na kupiga picha za kila windo lililoletwa. Pimbi walikuwa wengi, kama ilivyotarajiwa. Lakini walikuwapo pia makinda ya kwarara aina ya hadada, ndege wanaotembea kwenye nyasi za bustani za watu, na mifupa yao myepesi haidumu sana chini ya mti. Kwa hiyo hesabu za zamani, za Embu hadi Kibale, zinasomwa sasa kwa tahadhari mpya: jaa hutunza fuvu la kima kwa miaka na kupoteza kinda la ndege kwa wiki chache. Kamera nayo ina mipaka yake, kwani huona msimu mmoja wa kiota kimoja, na betri ikiisha haioni kitu. Wachunguzi wanaotaka jibu kamili hutumia zote mbili, wakikagua picha na bado wakipiga magoti kwenye shina kuchambua majani.